Namna ya Kupima Banda la Kuku Wachache Kabla ya Kukata Mbao

Mabanda madogo yanayouzwa yakiwa tayari huandikwa "kuku sita" au "kuku kumi". Idadi hiyo, mara nyingi, ni ya kuku wanaoweza kuingia humo, si ya kuku wanaoweza kuishi humo. Ukitaka kujua ukweli, chukua futikamba, pima sakafu ya ndani tu, toa eneo lililoliwa na viota, kisha gawanya kwa mita za mraba 0.4. Usishangae sita wakishuka kuwa watatu.

Banda huanza kushindwa mahali pamoja kati ya patatu: sakafuni, kwenye ufito wa kulalia, au kwenye hewa. Fanya hesabu ya kila kimoja peke yake. Ile itakayotoa idadi ndogo kuliko zote ndiyo idadi ya kuku wako, hata kama hesabu nyingine mbili zinakuruhusu zaidi.

Sakafu

Kuku wa uzito wa kati, yaani kilo 2 hadi 2.5, anahitaji mita ya mraba 0.4 ndani ya banda, kwa sharti kwamba mchana kutwa yuko nje kwenye uwanja. Aina ndogo kama bantamu hutosheka na 0.25. Kuku wazito wanaopita kilo 3.5 wape 0.5 au 0.6. Kama kuku hawatatoka kabisa, kwa sababu ya mwewe, majirani au udogo wa kiwanja, basi 0.4 haifai tena. Weka mita 1 ya mraba kwa kila mmoja.

Katika hesabu hii eneo la chini ya fito linahesabiwa, maana kuku hupita na kuchakura hapo. Eneo la chini ya viota linahesabiwa tu kama viota vimeinuliwa kiasi cha sentimita 45, kuku aweze kusimama wima chini yake. Ndoo ya chakula na chombo cha maji vikikaa ndani, navyo vinakula nafasi.

Nje, mita 1 ya mraba kwa kila kuku ni kiwango cha chini, na 2 ni afadhali sana. Usitarajie majani kubaki kwa kiwango chochote kati ya hivyo. Kuku wataichakura ardhi hadi iwe tupu katika wiki chache, na mvua ya kwanza itaifanya tope. Ni heri uukubali uwanja mtupu tangu mwanzo na kuufunika kwa vipande vya mbao au mchanga mnene kuliko kupanda nyasi kila msimu.

Msongamano haujionyeshi siku ya kwanza. Kuku wana ngazi zao za ubwana, na aliye chini huishi kwa kumpisha aliye juu. Pakiwa hapana pa kupisha, anadonolewa hapo hapo alipo, manyoya ya mgongoni na karibu na mkia yanatoka, ngozi inaonekana, damu inatoka, na wengine wote wanaivamia ile rangi nyekundu. Mfugaji humlaumu kuku mkorofi, kumbe wa kulaumiwa ni futikamba.

Jambo jingine linalosahaulika: kundi huongezeka. Tetea hutaga vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mayai hupungua mwaka hadi mwaka, ilhali yeye anaweza kuishi miaka mitano hadi minane. Mwenye kuku wachache mara nyingi hamchinji mzee wake, ila huongeza vijana. Kwa hiyo jenga kwa ajili ya idadi uliyonayo pamoja na theluthi moja juu yake.

Ufito wa kulalia

Kila kuku wa kawaida anahitaji sentimita 25 za ufito, mzito 30. Wakati wa baridi watabanana na kuacha nusu ya ufito wazi, lakini usiku wa joto watatanuka na kunyanyua mabawa, na hapo ndipo upana huo unapotakiwa.

Tumia mbao bapa yenye upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo za juu zikiwa zimepigwa randa au msasa ziwe mviringo. Ukiweka fimbo nyembamba kama kidole, kuku hujikamata usiku kucha na kidari chake hulemewa. Bomba la chuma huteleza, na huwa baridi kupita kiasi. Tawi lenye maganda linapendeza machoni, ila chini ya maganda ndimo utitiri mwekundu unamojificha mchana, ukitoka usiku kunyonya damu. Kama ni lazima utumie tawi, limenye.

Urefu kutoka sakafuni uwe kati ya sentimita 50 na 90 kwa kuku wepesi, na usipite 45 kwa wazito. Kuku mzito akirukia sakafu ngumu kila alfajiri hupata kidonda chini ya wayo, kinavimba na kuwa na kokwa jeusi la usaha mkavu, na tiba yake ni ndefu kuliko kazi ya kushusha ufito. Acha sentimita 30 kutoka ufito hadi ukutani ili mikia isisuguliwe, na nafasi hiyo hiyo kati ya ufito na ufito.

Fito mbili ziwe kimo kimoja. Mpangilio wa ngazi unaonekana nadhifu kwenye michoro, lakini kila jioni kuku wote watagombea kipandio cha juu, na wa chini watanyewa na wa juu. Zichomeke fito kwenye vikono vya mbao vilivyokatwa mfano wa herufi U badala ya kuzipigilia misumari. Siku ya kuwinda utitiri utazitoa zote kwa dakika moja na kuzipaka mafuta ya kupikia kwenye ncha zake, ambako wadudu hao hupenda kukusanyika.

Hewa

Hapa ndipo mabanda mengi mazuri huharibika. Kuku mmoja hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Ongeza mvuke wa pumzi. Usiku kucha unyevu huo wote umo ndani, na kinyesi kikilowa hutoa amonia, gesi ile inayowasha macho. Amonia huchubua njia ya hewa ya kuku, na kuku aliyechubuka koo hupata mafua na magonjwa ya kifua kwa urahisi.

Weka matundu ya hewa yenye jumla ya mita ya mraba 0.1 kwa kila kuku, yote yakiwa juu, chini kidogo ya paa, pande mbili zinazoelekeana. Hewa ya joto yenye mvuke hupanda na kutoka bila upepo kuwapiga kuku waliolala. Tundu lililo usawa wa ufito ni kosa mahali pa baridi, kwa sababu upepo unapita katikati ya manyoya. Mahali pa joto jingi ni neema, na huko ukuta mzima wa mbele unaweza kuwa wavu kutoka kimo cha sentimita 60 hadi paani.

Watu huziba matundu baridi inapoingia. Wasifanye hivyo. Kuku mzima mwenye manyoya makavu hustahimili baridi kali. Kinachomgandisha kilemba ni unyevu uliofungiwa naye. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani wa paa asubuhi, hewa haitoki.

Kipimo ni rahisi. Ingia bandani alfajiri kabla ya kufungua chochote, uchuchumae hadi pua yako ifike kimo cha kuku. Harufu ikikuwasha puani, kuku wameivuta kwa muda wa saa kumi.

Hesabu kamili ya kuku wanane

Tuseme una matetea wanane wa uzito wa kati, na uwanja upo. Sakafu: 8 × 0.4 ni mita za mraba 3.2. Ukiongeza theluthi unafika karibu 4.3. Ubao wa plaiwudi huja ukiwa na urefu wa takriban mita 2.4 na upana wa 1.2, kwa hiyo sakafu ya mita 2.4 kwa 1.8 (ubao mmoja na nusu) inatoa 4.32 bila kupoteza mbao. Kwa sakafu, banda hili linachukua kuku kumi.

Ufito mmoja wa mita 2.4 ukigawanywa kwa 0.25 unatosha kuku tisa tu. Sakafu imesema kumi, ufito umesema tisa. Jibu ni tisa mpaka uongeze ufito wa pili. Hewa: kuku wanane wanataka mita ya mraba 0.8. Pengo la sentimita 20 chini ya paa, kwenye pande zote mbili za mita 2.4, linatoa 0.96. Panafaa kwa wanane, hata tisa; kwa wa kumi lipanue pengo kidogo.

Paa la mteremko mmoja likiwa na mita 2.1 mbele na 1.7 nyuma hutiririsha maji vizuri na kukuruhusu kuingia bila kuinama sana. Lizidishe nje ya kuta kwa sentimita 30 angalau, na 60 upande unaopigwa na mvua. Mabati matupu huoka kuku mchana. Pigilia plaiwudi nyembamba chini yake, ukiacha nafasi ya vidole viwili katikati hewa ipite. Uwanja wa mita 4 kwa 4 unampa kila kuku mita 2 za mraba, na ukifika kuku kumi bado ni 1.6.

Usijenge banda la kutoingia mtu, ila kama kuku hawazidi wanne. Ukilazimika, upana usizidi mita 1.2 na milango iwe pande zote mbili, kwa maana mkono wa mtu mzima hufika kama sentimita 60 tu akiwa ameshika kijiko cha kufagilia. Kona usiyoifikia haitasafishwa.

Viota

Kuku wanne hadi watano hutumia kiota kimoja, kwa hiyo wanane wanahitaji viwili. Ukiweka sita, watapanga foleni kwenye kimoja wakipendacho na vingine vitakaa bure. Kila kiota kiwe sentimita 30 kwa 30 kwa 30, au 35 kwa kuku wakubwa, na kizuizi cha mbele cha sentimita 10 kinachozuia nyasi na mayai kumwagika.

Viota viwe chini kuliko ufito. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa pa kulala; kiota kikiwa juu watalala humo, watanya humo, na asubuhi utaokota mayai machafu. Paa la kiota liwe na mteremko mkali wa nyuzi 45 ili wasitue juu yake. Wapate giza kidogo: kipande cha gunia kikining'inia nusu ya mlango kinatosha, na giza hilo hilo hupunguza tabia ya kula mayai, kwa kuwa kuku haoni alichotaga.

Ukifungua mlango wa kuokotea mayai kutoka nje, bawaba ziwe juu na kifuniko kipite ukingo wa sanduku. Hapa ndipo maji huvuja kuliko mahali pengine popote pa banda.

Wavu na milango

Wavu wa kawaida wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, huzuia kuku kutoka. Hauzuii adui kuingia. Mbwa huurarua kwa meno, na wanyama wengine huingiza mkono wakamvuta kuku kipande kipande. Kwenye madirisha yote ya banda na chini ya uwanja tumia wavu wa nyaya zilizochomelewa wenye matundu ya milimita 12 hadi 13. Matundu ya milimita 25 huzuia wanyama wakubwa, lakini panya wadogo na nyoka wembamba hupita.

Ufunge kwa skrubu na washa pana kila sentimita 10 hadi 15, au ubane kingo zake chini ya ubao mwembamba. Pini za mashine ya kubania karatasi hung'oka kwa kuvutwa mara mbili.

Wachimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Kwa hiyo tandaza wavu kuelekea nje, wenye upana wa sentimita 45 hadi 60, ukiufunga kwenye ukingo wa chini na kuufunika kwa udongo au mawe. Mnyama atachimba mguuni mwa ukuta, atakutana na wavu, na wengi hawana akili ya kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya. Njia hii ina kazi ndogo kuliko kuzika wavu wima, na matokeo yake si haba.

Mlango mdogo wa kuku uwe na upana wa sentimita 30 na kimo cha 35, wa kupanda na kushuka kwenye mifereji. Mifereji ikishika chini, maranda huijaza na mlango haufungi. Anzisha kizingiti sentimita 15 juu ya sakafu. Kwa milango ya watu weka komeo linalohitaji hatua mbili, kama kusukuma kisha kuinua, maana kuna wanyama wenye vidole vyepesi. Baada ya kumaliza, pitisha sumaku ardhini. Kuku humeza kila king'aacho, na ncha ya waya hutoboa firigisi.

Mahali na sakafu

Chagua palipoinuka. Mwaga ndoo mbili za maji hapo unapotaka kujenga. Yakiwa bado yamesimama baada ya nusu saa, hama. Karibu na ikweta, urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi, yaani kuta fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Kwenye nchi za baridi, geuza madirisha yaangalie upande wenye jua. Na kabla ya yote uliza kanuni za eneo lako kuhusu idadi ya kuku, umbali kutoka kwenye nyumba na ruhusa ya jogoo.

Banda la kuinuliwa liinuke sentimita 45 hadi 60. Likiinuka sentimita 15 tu, umewajengea panya nyumba na wewe mwenyewe huwezi kuifikia. Sakafu ya zege ni ngumu kuishinda kwa usafi na kwa panya. Sakafu ya udongo inakubalika kama wavu wa milimita 12 umezikwa chini yake. Sakafu ya waya mtupu iepuke, kwa sababu huumiza nyayo na huruhusu upepo kutoka chini.

Juu yake tandaza maranda makavu ya mbao kwa kina cha sentimita 10. Kwa lile banda la mita 2.4 kwa 1.8 hizo ni kama lita 430, kwa hiyo usiende na mfuko mmoja. Unga wa msumeno ni vumbi tupu, usiutumie. Kila siku kadhaa kamata konzi ya maranda na uifinye: yakishikamana kama donge la ugali, yamelowa mno, toa na ongeza makavu, yakiachana taratibu ukifungua kiganja, yako sawa. Maranda yenye unyevu na joto ndiyo huivisha vimelea vya kuharisha damu, ugonjwa unaoua vifaranga na kuku wachanga haraka.

Ubao wa upana wa sentimita 50 uliowekwa chini ya fito, ukipanguswa kila asubuhi, hukusanya kinyesi cha usiku kabla hakijafika kwenye maranda. Ni dakika tatu za kazi, na pengine ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote ndani ya banda.

Chakula na maji

Kuku wanane hula takriban kilo 1 kwa siku na kunywa lita 2, nazo hupanda hadi 4 wakati wa joto kali. Chombo kirefu cha chakula kipe kila kuku sentimita 10 za ukingo. Kikiwa wazi pande zote mbili, sentimita 40 zinatosha wanane. Kining'inize ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kikiwa chini zaidi watakichakura na kumwaga robo ya chakula, na chakula kilichomwagika huita panya. Weka vyombo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, mbalimbali, ili aliye chini ya wenzake asilale na njaa.

Maji yakae nje, kwenye uwanja, chini ya kivuli. Kuku hawanywi gizani, kwa hiyo hakuna haja ya maji ndani usiku ilimradi mlango unafunguliwa mapema.

Siku za kwanza

Wafungie kuku ndani ya banda jipya kwa siku tatu hadi saba, wakipewa chakula na maji humo, hadi wajue kuwa hapo ndipo kwao. Ukiwaachia uwanja siku ya kwanza, jioni utawakuta kwenye mti. Wanaolala kwenye viota waondoe kwa mkono giza likishaingia, uwapandishe kwenye ufito, usiku baada ya usiku. Ziba viota jioni na uvifungue alfajiri. Mayai ya sakafuni huisha ukiweka yai la bandia au mpira wa gofu kwenye kiota.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa ana sababu ya kukaa mbali: mtenge wiki tatu hadi nne mahali pengine kabisa, ukimhudumia baada ya wenyeji, uone kama ana mafua, utitiri au kuharisha. Baada ya hapo mweke nyuma ya wavu ndani ya uwanja ule ule kwa wiki moja, waonane bila kugusana. Waingize wawili kwa pamoja kuliko mmoja, na uwaingize usiku kwenye ufito. Asubuhi yake weka vizuizi viwili vitatu uwanjani, ubao uliosimamishwa au kreti, ili anayefukuzwa apate pa kujificha macho ya mwenzake.